Umenioa Lini, Wilbard?

"Leti, acha hiyo sururu, njoo umwone mumeo."

"Sina mume," alijibu Leticia kutoka shimoni.

"Basi njoo umwone huyo usiyekuwa naye."

Ziada hakuwa mtu wa kuacha chungu jikoni bure. Alikuwa mama lishe, na Jumamosi wateja wake hufurika. Kama amevuka reli mbio mpaka nyuma ya nyumba ya Leticia, mwiko ungali mkononi, basi kuna jambo. Leticia akapanda kutoka kwenye shimo, akafuta jasho kwa mkono wa ovaroli, akapokea simu aliyonyooshewa.

Ilikuwa stetasi ya WhatsApp ya dada mmoja wa Vudee, huko juu milimani, anayemuuzia Ziada tangawizi. Jina lake Irine. Kwenye picha, Wilbard amekaa juu ya paa, misumari mdomoni, nyundo mkononi. Chini yake Irine mwenyewe kavaa kitenge kipya, anamnyooshea kikombe huku kacheka meno yote nje. Chini pameandikwa: "Kaka Wilbard, Mungu akuzidishie. Wanaume kama wewe wamebaki wachache."

"Si ulisema yuko Arusha?" Ziada aliuliza.

"Yeye ndiye alisema."

"Na Jumamosi iliyopita?"

"Arusha."

"Na ile ya kabla?"

Leticia aliligeukia shimo. Alikuwa anahesabu. Jumamosi sita. Jumamosi sita yeye na rafiki zake wawili, Ziada na Kassimu mchomeleaji, wanachimba msingi wa gereji kwenye ardhi ya Same iliyokauka kama kiatu cha zamani. Na Jumamosi zote sita mpenzi wake, dereva wa lori dogo la Kenta, mwanaume anayesema anampenda kuliko pumzi, yuko "Arusha, nashusha tangawizi." Wiki mbili zilizopita walikuwa wamegonga mwamba. Toka hapo wanachofanya ni kuukwaruza.

Na muda haukuwepo. Uwanja wa kando ya barabara kuu alikokuwa akitengenezea magari, mwenye uwanja alitaka urudishwe mwisho wa mwezi. Gereji isiposimama, wateja aliowakusanya kwa miaka saba wangetawanyika, kila mmoja na fundi wake mpya.

Akapiga simu palepale.

"Leti wangu!"

"Uko wapi?"

"Arusha, mama. Jua kali, si mchezo."

Nyuma ya sauti yake nyundo iligonga bati, ngo, ngo, ngo. Halafu jogoo akawika.

"Hapo Arusha mnashusha na kuku?"

Nyundo ikakoma.

"Wilbard, sikiliza. Jumamosi ijayo usipokuwa hapa kwangu na sururu, usije tena maishani mwako. Na huyo anayekupa chai, mwambie asisahau sukari, unapenda vijiko viwili."

Akakata. Akaitupa simu mfukoni. Dakika tano baadaye ujumbe ukaingia:

"Jumamosi nitakuja. Pika makande. Mengi."

Leticia akausoma mara tatu.

"Anasemaje?" Kassimu aliuliza, kaegemea toroli.

"Anasema nipike."

"Dada, huyu jamaa ama amerukwa na akili ama ana roho ya chuma."

* * *

Wiki ile Leticia hakutulia hata siku moja. Alifungua boliti zisizohusika, akafunga gurudumu la kushoto kulia, akamwambia mteja gari lake limekufa wakati limeisha mafuta. Alipikiwa akasahau kula. Akikaa anasimama, akisimama anataka kwenda mahali, na mahali penyewe hapajui.

"Muache," alisema Ziada. "Mwanaume akishaanza kuongopa mahali alipo, ujue kuna mtu yuko naye hapo."

"Nimeshamwacha."

"Mbona basi umeloweka mahindi?"

Leticia aliangalia ndoo mbili za mahindi yaliyokobolewa na ndoo moja ya maharage. Kweli, alikuwa ameloweka. Alimpenda Wilbard, huo ndio ulikuwa ukweli, na ulimkera kama mchanga ndani ya kiatu.

Mwaka uliopita Wilbard aliwahi kugusia ndoa. Leticia alimjibu kwa ukali kuliko alivyokusudia: "Mimi siingizwi kwenye nyumba ya mtu." Kulikuwa na sababu. Baba yake alitoka Kasulu kuja kukata mkonge, na familia ikaishi kwenye kambi ya shamba. Wiki tatu baada ya baba kuzikwa waliambiwa chumba kinahitajika. Leticia, mtoto wa darasa la tano, alibeba godoro kichwani mpaka mjini. Mama yake alihangaika miaka kumi na moja kujenga nyumba hii ya vyumba viwili, na alipofariki akamwachia. Hapa ndipo mahali pekee duniani ambapo hakuna wa kumwambia toka.

* * *

Jumamosi, saa moja asubuhi, Kenta ilipiga honi mpaka kuku wa jirani wakaruka uzio. Leticia akatoka na mwiko akiwa ameshapanga matusi yake kwa mfuatano. Hakutoa hata moja.

Nyuma ya Kenta walikuwa watu. Sio watano, sio kumi. Walikuwa thelathini, wanaume kwa wanawake, na nyundo za mawe, mitaimbo, chepe, karai, kenchi zilizokwisha kupigwa na mabati yamefungwa kwa kamba. Mmoja akapuliza baragumu, na mama mmoja mnene aliyevaa buti za mvua akaruka chini kama msichana.

"Mwenye kazi yuko wapi? Mimi ndiye Mama Beatha, nasimamia msaragambo, kazi za pamoja za kwetu Vudee. Kwangu hakuna kukaa kivulini!"

"Shikamoo mama," Leticia alisema, mdomo wazi.

"Marahaba, mke wa Wilbard! Ndiye huyu? Mbona kembamba hivi? Haya, tuonyeshe mwamba."

Leticia alidhani hakusikia vizuri. Lakini nyuma ya Mama Beatha akaja Irine, yule yule wa kwenye picha, kashikana mkono na mwanaume mrefu.

"Wifi! Huyu ni mume wangu, hajui hata kushika nyundo, usimcheke. Bwana wako ametuezekea jiko. Nikamwambia, lazima nije nimlipe siku yake kwa mikono yangu."

"Mimi amenichimbia mtaro," akasema mwingine.

"Mimi amenijengea zizi. Mke wa Wilbard, kisima kiko wapi?"

Mlango wa mbele wa Kenta ukafunguka. Akashuka mama mfupi mwenye kilemba cheupe, kapakata kapu la tangawizi. Alimtazama Leticia toka kichwani hadi kwenye kandambili, akaweka kapu chini.

"Mimi ni Hedwiga. Nimemzaa huyo dereva."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nilikasirika wiki mbili, sikufichi. Mwanangu mmoja wa kiume, anakwenda kuoa Bomani kama mtu anayekata leseni, mimi naambiwa baadaye. Nikasema sitakuja." Akatoa kanga mpya kwapani, akamzungushia Leticia kiunoni, juu ya ovaroli, akaikaza. "Lakini nimekuja. Karibu kwetu, mwanangu."

Leticia hakuwa amekazwa kanga na mtu yeyote tangu mama yake afariki. Akageuka, akamwona Wilbard kasimama karibu na tairi la nyuma, anajifanya anakagua upepo.

"Wewe. Njoo huku."

Walisimama kati ya Kenta na ukuta wa choo.

"Umenioa lini, Wilbard?"

"Leti, punguza sauti."

"Nimekuuliza tarehe. Nataka niikumbuke kila mwaka."

"Nisikilize kwanza. Mlipogonga huo mwamba nilijua nyie watatu hamuuwezi. Watu wa kwetu wanaupasua kama mkate, ni watu wa mawe hao. Nilishaanza kwenda kufanya kazi kwao kimyakimya, Jumamosi moja moja, siku kwa siku, ili waje kusimamisha ukuta. Lakini msaragambo wa kwetu hautoki mlimani kwa mtu wa nje. Lazima iwe nyumba ya mtu wa kule. Nikasema ni nyumba yangu. Wakauliza, yako tangu lini? Nikasema, ya kwangu na mke wangu."

"Na mama yako ukamwongopea?"

"Mama Beatha alimfikia na habari hizo kabla yangu. Nikashindwa kurudi nyuma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ndiyo maana watu huulizwa, Wilbard! Ili wapate nafasi ya kukataa!"

Aliinamisha kichwa. Alikuwa amekonda, Leticia aliona sasa, na viganja vyake vilikuwa na malengelenge juu ya malengelenge. Jumamosi sita. Alitaka kumzaba kibao na kumbusu viganja, vyote kwa mkupuo.

"Leo jioni watakuwa wameondoka," Wilbard alinong'ona. "Gereji itakuwa imesimama. Tutawaambia taratibu baadaye. Nakuomba, nyamaza leo tu."

Hapo mtaimbo wa kwanza ulilia kwenye mwamba, na kelele za furaha zikapanda.

* * *

Walifanya kazi ambayo Leticia hakuwahi kuiona. Mawe yaliwashiwa moto, yakamwagiwa maji, yakapasuka kwa mlio. Saa nne shimo la kuingilia chini ya gari lilikuwa na kina cha mtu mzima. Vipande vya mwamba uliomtesa vikapangwa kuwa msingi. Kassimu akachomelea fremu ya geti huku akipiga miluzi. Saa sita ukuta ulifika kiunoni.

Leticia hakuweza kukaa. Alibeba maji ambayo hayakuhitajika, akahamisha mchanga kutoka kulia kwenda kushoto. Kila baada ya dakika mbili: "Mke wa Wilbard, lete karai." "Mke wa Wilbard, geti liangalie wapi?" Ukuta ulikuwa unapanda, gereji aliyoililia ilikuwa inaota mbele ya macho yake, na kila tofali liliwekwa juu ya jina ambalo hakumpa mtu yeyote ruhusa ya kumwita.

Ziada akamfuata jikoni. "Shoga, nimesikia. Nyamaza. Paa likishakaa ndipo useme."

"Na nikinyamaza leo, kesho nitaanzia wapi kusema?"

"Mwisho wa mwezi ni Alhamisi, Leti."

"Najua ni lini."

Makande yakapakuliwa. Watu wakanawa, wakakaa juu ya mawe na mbao. Mama Hedwiga akasimama kusali, macho kafumba, mikono kainua.

"Baba, tunakushukuru kwa chakula. Ibariki mikono hii. Ibariki nyumba hii ya mwanangu Wilbard..."

"Mama, nisamehe."

Macho yakafunguka. Hata Leticia alishtuka kusikia kwamba sauti ni yake.

"Hii siyo nyumba ya Wilbard. Ni ya mama yangu, sasa ni yangu. Na mimi siyo mke wake. Hatujaenda Bomani wala popote. Hajawahi hata kuniuliza. Alisema hivyo ili mje kunisaidia, nami nimejua leo hii kama nyinyi. Chakula ni chenu, kuleni, mmefanya kazi. Lakini siwezi kujengewa kwa jina ambalo sina."

Mama Beatha aliweka sahani yake chini.

"Wekeni vifaa chini," alisema.

"Tumeshaweka, Mama Beatha, tunakula," mtu alijibu, lakini hakuna aliyecheka.

"Wilbard," Hedwiga aliita. "Ni kweli?"

"Kweli, mama."

"Umeniacha nimlilie Mungu wiki mbili kwa ndoa ambayo haipo?"

Wilbard alishindwa kumtazama. "Nisamehe, mama. Nilimpenda nikakosa akili."

"Basi muulize sasa hivi, tumalize!" Mama Beatha alidakia. "Yupo, upo, mashahidi thelathini, chakula kipo!"

Watu wakashangilia. Wilbard akapiga goti kwenye vumbi la saruji, uso umelowa jasho na aibu.

"Leticia, nilikosea. Nakuuliza sasa mbele ya mama yangu. Utakubali nikuoe?"

Aliutaka mdomo wake useme ndiyo. Moyo ulikuwa unakimbia mbele yake kama gari lililokatika breki. Akauangalia ukuta uliofika kiunoni.

"Leo sitakujibu," alisema. "Nikisema ndiyo leo, nyie mtadhani nimesema kwa ajili ya ukuta. Na mimi mwenyewe sitajua kama nimesema kwa ajili yako au kwa ajili ya ukuta."

Wilbard alibaki chini, goti moja, kama mtu aliyesahau namna ya kusimama. Leticia akamgeukia Mama Beatha.

"Mama, kule kwenu kuna mashine ngapi mbovu?"

"Mashine gani?"

"Zozote. Za kusaga, pampu, pikipiki. Mimi ni fundi. Nipeni siku yenu, niwape siku yangu. Kwa jina langu mwenyewe, Leticia."

Wakaanza kujadiliana kwa Kipare, wote kwa pamoja, mikono inarushwa. Irine alisimama upande mmoja na mumewe. Wazee wawili walitikisa vichwa. Mwishowe Mama Beatha akasema, "Hatujawahi kufanya hivi kwa mtu wa nje. Nani anamjua?"

"Mimi namjua," alisema Hedwiga.

Watu wakamgeukia.

"Nimemjua leo. Amenikatiza sala, na hilo tutalizungumza. Lakini mtu wa kutudanganya angenyamaza mpaka bati la mwisho. Nimemdhamini mimi."

Mama Beatha akamgeukia Leticia. "Sisi thelathini, siku moja. Wewe peke yako, Jumamosi tano."

"Tano."

"Haya, kuleni upesi! Ukuta haujengwi na vijiko. Na wewe Wilbard, inuka hapo. Leo huna jina wala nyumba. Chota maji."

Alichota maji mpaka jioni. Jua lilipoanza kuinamia milima, mabati yalikuwa yamekaa.

* * *

Jumamosi ya kwanza Leticia alipanda Vudee kwa bodaboda, boksi la spana mapajani, ukungu unamlowesha nyusi. Hakupanda Kenta ya Wilbard. Alifufua mashine ya kusaga iliyolala miezi mitatu, na watu wakapanga foleni na mahindi kabla hajanawa mikono. Asubuhi ya Jumapili ujumbe wa Wilbard ukaja.

"Naweza kukuuliza?"

"Bado," alijibu.

Jumamosi ya pili ilikuwa pampu ya maji ya kanisani. Alimwona Wilbard kwa mbali, yuko juu ya ngazi anaezeka nyumba ya mjane mmoja ambaye hakushuka kabisa Same siku ile, wala hakuwa akimdai Wilbard chochote. Hakuna aliyemtuma. Leticia alisimama na bomba mkononi akimtazama mpaka mtu akamwita mara mbili.

"Naweza?"

"Bado."

Ya tatu, pikipiki nne. Ya nne, jenereta ya zahanati. Kila Jumapili swali, kila Jumapili jibu lile lile, na katikati ya wiki Leticia alizunguka gereji yake mpya kama kuku anayetafuta pa kutagia. Magari yalikuwa yamehamia yote. Wateja walisifia shimo. Yeye aliitazama simu.

"Unamtesa mwenzio," Ziada alisema.

"Najitesa mimi."

Jumamosi ya tano alimaliza mapema, mashine ya kukamua miwa ya Mama Beatha mwenyewe. Mama Beatha aliizungusha, ikanguruma vizuri.

"Basi, Leticia. Umemaliza. Hatudaiani tena."

Alishuka kwa miguu katikati ya migomba mpaka kwa Mama Hedwiga. Wilbard alikuwa uani, anapakia magunia ya tangawizi kwenye Kenta. Alipomwona, gunia likamponyoka.

"Kuna nini? Umeumia?"

"Uliza."

"Niulize nini?"

"Wilbard!"

Akaelewa. Alijifuta mikono kwenye suruali, akasogea, akasimama mbele yake bila kupiga goti, macho yameanza kuloa.

"Leticia, utakubali nikuoe?"

"Ndiyo."

"Ndiyo?"

"Ndiyo. Na tutaishi kwangu."

"Hata ukisema tuishi shimoni chini ya magari." Alimkumbatia, grisi na udongo na vyote, kisha akajitenga kidogo amwone usoni. "Umeamua leo?"

"Niliamua Jumamosi ya pili."

"Ya pili! Umeniacha wiki tatu sili silali?"

"Nilitaka nikukubali nikiwa sina deni la mtu yeyote. Na wewe uliniacha wiki sita, tena ukaniambia uko Arusha."

Walicheka mpaka wakaanza kulia, au walianza kulia wakaishia kucheka. Mama Hedwiga akachungulia kutoka jikoni, macho mekundu kwa moshi.

"Nyie, kuna nini huko nje?"

Wilbard akafungua mdomo. Leticia akaufunika kwa kiganja.

"Subiri," alisema. "Safari hii namwambia mimi."